Radbourn: Mrushaji aliyetumia mkono wake kununua uhuru

Kwenye besiboli ya leo Marekani, mrushaji akianza mechi moja hupumzishwa siku kadhaa. Msimu mzima huanza mechi 30 hivi. Mwaka 1884, Charles Radbourn alianza 73, na zote akazimaliza mwenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na kazi yake ni kumfanya akose. Mkono wake ndio mtaji wake.

Julai mwaka huo, Radbourn alikuwa amesimamishwa na klabu yake, Providence Grays. Ghafla mrushaji mwenzake, Charlie Sweeney, akakorofishana na uongozi katikati ya mechi na kufukuzwa. Klabu ikabaki mikono mitupu.

Enzi hizo kulikuwa na kanuni ngumu: hata mkataba ukiisha, klabu ilikuwa na haki ya kumzuia mchezaji asihamie kwingine. Radbourn akaona upenyo. Alikubali kubeba karibu mechi zote zilizobaki kwa masharti mawili: aongezewe pesa, na msimu ukiisha awe huru.

Kazi haikuwa ya mchezo. Inasimuliwa kwamba asubuhi alishindwa hata kuinua mkono kuchana nywele. Uwanjani alianza kurusha polepole, kwa umbali mfupi, mpaka mkono upate moto.

Matokeo yake? Ushindi wa mechi 60 (hesabu nyingine zinasema 59) na ubingwa kwa Providence. Oktoba wakakutana na New York Metropolitans: mechi tatu, siku tatu mfululizo. Radbourn alirusha zote, na zote wakashinda.

Mwaka 1890 wachezaji waliochoshwa na kanuni ile walianzisha ligi yao wenyewe. Radbourn akajiunga nao, akiichezea Boston. Ligi hiyo ilidumu msimu mmoja tu.

Alistaafu 1891 na kufariki 1897 akiwa na miaka 42. Mwaka 1939 aliingizwa kwenye Jumba la Watu Mashuhuri wa besiboli.

Ile kanuni ya kuwafunga wachezaji ilikuja kuvunjwa mwaka 1975. Rekodi ya Radbourn haijavunjwa mpaka leo, na kwa namna warushaji wanavyopumzishwa siku hizi, ni vigumu kuona nani ataifikia.