Sautimwanga: Jina na Maana Yake

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua ya kwamba mwanga ukikatwakatwa kwa haraka, kisha ukaangukia kitu kinachoufyonza, kitu hicho hutoa sauti. Juu ya jambo hilo umejengwa ufundi wa kupiga picha za ndani ya mwili, ambao watafiti wa tiba huutumia kuchungulia mishipa ya damu bila ya kupasua ngozi. Kabla ya kuupa jina, yafaa tuuelewe, maana jina likikosewa hupotosha.

Wengi watauweka pamoja na altrasaundi. Lakini altrasaundi ni kazi ya mwangwi: chombo hutuma sauti, nayo hugonga viungo ikarudi. Hapa kinachotumwa ni pigo la mwanga la nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde. Hemoglobini ya damu hulifyonza, hupata joto dogo, hutanuka ghafla. Na hapo ndipo sauti huzaliwa.

Mfano wake ni radi. Hewa iliyopashwa moto ghafla na umeme hutanuka ikanguruma. Nasi tukihesabu muda baina ya mmweko na ngurumo twajua umbali wake. Chombo nacho hupima muda huo: sauti huenda mwilini yapata mita 1,540 kwa sekunde.

Kikwazo ni gharama. Leza kubwa zilizozoeleka ni ghali, na nyingi hutoa mapigo 10 au 20 tu kwa sekunde. Diodi za leza ni ndogo na rahisi, nazo hutoa maelfu ya mapigo kwa sekunde. Pigo moja ni dhaifu, na sauti yake humezwa na kelele za chombo. Lakini sauti za mapigo mengi zikijumlishwa, hujitokeza wazi. Hivyo picha za juujuu ya mwili hupatikana upesi, hata katika maabara yenye fedha chache.

Sasa jina. "Picha za mwangwi" halifai, kwa kuwa sauti haikurudi, bali imezaliwa. "Mwangasauti" lafuata mpango wa Kiyunani, ambao huweka neno kuu mwisho. Kwetu neno kuu hutangulia: katika batamzinga neno kuu ni bata. Basi mwangasauti ingekuwa aina ya mwanga, hali kinachopokewa na chombo ni sauti. Kwa hiyo napendekeza "picha za sautimwanga": sauti iliyozaliwa na mwanga.