Daftari lisiloazimwa

Nilikwenda Kasanda kufuata bei ya maharage. Ningerudi na bei ya maharage, yakaishia hapo, kama nyumba niliyolala isingepakana na shule ya msingi. Saa moja na nusu asubuhi ngoma ziliniinua kitandani: mbili za ngozi ya mbuzi, ya tatu debe la mafuta ya kupikia lililogeuzwa, na filimbi nne za mianzi zinazogombana kwa adabu. Vumbi jekundu la njia ya Kibondo lilikuwa bado limelazwa na umande. Mara vyote vikanyamaza, mtu akatoa sauti moja ndefu, "dooo", na watoto wakaupokea wimbo wa taifa.

Nimeuimba tangu nikiwa na kaptula. Sijawahi kuusikia ukianzia chini vile.

"Nikianzia juu nimewamaliza," aliniambia baadaye mwalimu wa bendi, tumekaa kwenye benchi chini ya mwembe. "Mwanzo wake unadanganya, unadhani ni tambarare. Kupanda kuko mbele, na huko wavulana wa darasa la saba, sauti ndiyo kwanza zinavunjika, wanalia kama mbuzi. Kwa hiyo do yangu naishusha. Asiyeijua kazi hii husema watoto wamezubaa. Hawajazubaa, wanaweka akiba."

Jina hakutaka niandike. "Njoo tukishapata tarumbeta, ndugu mwandishi, ndipo uniandike."

Lakini si bendi iliyoniweka Kasanda siku mbili zaidi. Ni daftari. Kubwa, la jalada gumu, lile ambalo wenye maduka huandikia madeni. Amelivika nailoni, akalifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, na analishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Ndani hakuna mistari mitano wala zile nota nyeusi zenye mikia. Kuna herufi: d, r, m, f, s, l, t. Kati yake nukta pacha, vistari vya kulala, vistari vya kusimama. Sauti nne zimepangwa ghorofa nne, soprano juu, besi chini, na maneno yamebanwa katikati kwa wino mwingine. Kurasa za mwanzo ni nyimbo za kwaya alizonakili chuoni. Za katikati ni gwaride. Za mwisho ni zake mwenyewe, na hizo amezifuta na kuziandika upya hadi karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Hiyo ni solfa. Kila mwanakwaya wa Tanzania anaijua, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mpentekoste, ingawa wachache hujiuliza imetoka wapi. Ni ya Waingereza wa karne ya 19: Sarah Glover aliianzisha, mchungaji John Curwen akaieneza. Wamisionari waliipenda kwa sababu za mfukoni, maana haikuhitaji chapa maalumu; mtambo unaochapa sala ulichapa na muziki.

Nikamwomba mwalimu anipe daftari jioni ile, nilipeleke mjini Kibondo nikatoe kopi kurasa chache, asubuhi lirudi.

"Daftari haliazimwi."

Alisema bila ukali. Kisha akawaita wanafunzi waliokuwa wanakusanya ngoma. "Wimbo wa asubuhi katunga nani?" Nyerere, akasema wa kwanza. Nyerere, akasema wa pili. Mdogo wao akafikiri sana, akasema Yesu. Mwalimu hakucheka. "Mwalimu mwenzangu," akawaambia, "wa shule kama hii. Naye alikuwa na daftari."

Habari za Enoch Sontonga alizipata chuoni na hazijamtoka. Nilizifuata baadaye, nazo ni hizi. Mzaliwa wa Uitenhage, Afrika Kusini, yapata mwaka 1873. Akasoma ualimu Lovedale, akapelekwa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa mwalimu, kiongozi wa kwaya na mpiga picha. Mwaka 1897, akiwa kijana wa miaka 24 hivi, akatunga "Nkosi Sikelel' iAfrika", ubeti mmoja na kiitikio, uimbwe na wanafunzi wake. Mwaka 1912 ukaimbwa kwenye mkutano wa kuasisi chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Mwaka 1961 Tanganyika ikauchukua kwa Kiswahili. Zambia nao wanaimba juu ya sauti hizohizo.

Mwenyewe alifariki tarehe 18 Aprili 1905, hajafika miaka 35.

"Sasa sikiliza hapa," mwalimu akasema, akiligonga daftari lake kwa kidole. "Nyimbo alikuwa anaziandika kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Kwa solfa, hizihizi. Baadaye akazikusanya kwenye daftari, azichapishe. Kifo kikamwahi. Wenye kwaya wakawa wanakwenda kwa mjane wake, Diana, kuazima. Anawapa. Angefanyaje? Daftari likaenda, halikurudi. Sisi Waafrika wote tunaimba wimbo mmoja wa mtu aliyekuwa na daftari zima."

Nani alikuwa mwazimaji wa mwisho? Zilikuwamo nyimbo ngapi? Hata kaburi lake lilipotea: lilipotafutwa kwa jina la Sontonga halikuonekana, kumbe kwenye vitabu vya makaburi ya Braamfontein aliandikwa Enoch. Mandela alizindua mnara wake pale Septemba 1996, miaka 91 baada ya mazishi. Inasimuliwa kwamba Diana aliziuza haki za wimbo kwa peni sita. Nilipomwambia mwalimu bei hiyo alitikisa kichwa, akarudi kukaza ngozi ya ngoma.

Mpiga debe ni msichana wa darasa la sita. Mapigo yake hayatulii kwenye moja-mbili za gwaride. Yana mwendo wa ng'ambo ya vilima, wa zile ngoma za kifalme za Burundi ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Kule, amri ya rais ya mwaka 2017 inakataza wanawake kuzipiga. Mwalimu huyu analalamikia kasi tu. "Ananikimbiza," anasema, na uso wake haufanani na malalamiko.

Siku ya kuondoka alinikubalia jambo moja: ninakili kwa mkono, ukurasa mmoja, hapohapo mbele yake. Nilichagua wimbo wake mfupi kuliko zote. Ukanichukua dakika 40, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Msichana wa debe akaja, akachungulia begani kwangu, akaanza kuuimba taratibu kutoka kwenye karatasi yangu, kidole kikitembea. Mstari wa tatu akakwama.

"Hapa, shikamoo," akasema, akikumbuka adabu katikati ya sentensi, "umeruka pumzi."

Mwalimu akanisogezea kalamu.