Muhogo wa Ramadhani na Muhogo wa Mfunguo Mosi

Mwezi wa Ramadhani una mafunzo mengi, na mojawapo limo siniani. Jua likizama huanza tende, na baada ya sala huja muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi zilizoungwa kwa tui, pojo na maharagwe. Jirani humpelekea jirani bakuli lililofunikwa kwa kawa, wala hapana aulizaye nyama i wapi. Lakini Mfunguo Mosi ukishaingia, muhogo ule ule hushuka cheo. Ukimwandalia mgeni, umemvunjia heshima, ukiula mwenyewe, wasema, "Leo sikula kitu, ni muhogo tu."

Neno hilo "tu" ndilo lenye maradhi. Ulimi wetu haukatai vyakula vya shambani, kwani umelelewa kwa mahamri na mbaazi za nazi tangu utotoni. Tunalohofia ni jicho la watu: tusionekane hatuna. Nyama tumeifanya kipimo cha uwezo, na mboga tukaifanya alama ya ufukara. Nawajua watu waliokopa mbuzi wa arusi, na deni halikwisha mpaka mtoto wa kwanza wa arusi hiyo alipoanza kwenda chuoni na juzuu yake mkononi.

Nisieleweke vibaya. Nyama ni halali na ni neema, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Lakini wenye kuishika hadithi hiyo waishike na ya pili. Katika mwaka wa 7 wa Hijria, Mtume alipomwoa Bi Safiyya, Anas bin Malik asimulia kwamba walima ule haukuwa na mkate wala nyama. Palikuwa na tende, jibini kavu na samli. Na Anas huyo huyo asimulia jinsi fundi cherehani mmoja alivyomwalika Mtume, akaletewa mchuzi wenye nyama kavu na mumunye, naye akawa anayatafuta mumunye pembezoni mwa chombo. Tangu siku hiyo Anas aliyapenda mumunye. Basi ni nani kati yetu wa kuona haya kula boga?

Dharau hii si ya Pwani peke yake. Katika mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitambua kazi iliyofanywa Kenya ya kuvihuisha vyakula vya jadi, ambavyo vilikuwa vikihesabiwa kuwa ni vya umaskini na ushamba. Mimea ya kiasili ipatayo 850 iliorodheshwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Sisi huku tunayo mnavu, mchunga, kisamvu na majani ya kunde, lakini vijana wengi hawajui kutenganisha jani hili na lile. Jina likishapotea, na mapishi hufuata.

Tena kuna jambo la afya. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na muhogo na viazi havimo katika hesabu hiyo. Wangapi kati yetu tunafika hapo? Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nasi kisukari na shinikizo la damu vikitukamata, twasingizia majaaliwa, na ilhali sinia la pilau latujua kwa majina.

Dawa yake haihitaji fedha. Mpishi aukune nazi na autie mchicha tui zito kwa moyo ule ule anaotilia kuku, wala asiuchemshe mpaka ukafa. Baba naye akiandaliwa kunde, asizione kuwa ni adhabu. Ashukuru mbele ya wanawe, kwa sababu watoto hujifunza kudharau chakula kwa kumtazama yeye. Na mwenye kuoza binti yake asiye na uwezo, aandae alichonacho. Wageni wema watakula na kumwombea dua, na kesho hatakuwa na mdai mlangoni.