Mwanga haujui foleni: Nani apishwe mtandaoni Lodwar na Kakuma?

NYAYA za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilianza kuachana na mawasiliano ya setilaiti yaliyokuwa ghali. Kaskazini-magharibi mwa nchi ilibidi kusubiri. Mradi wa barabara ya Eldoret hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, ulijumuisha mkongo wa nyuzi za mwanga kupitia Lodwar na Kakuma.

Mkongo ni mmoja, watumiaji ni wengi. Tabibu wa Kakuma anayetaka ushauri wa daktari wa Lodwar kwa njia ya video hushindana na kijana anayepakua filamu. Njia ikijaa, nani apishwe?

Katika mitambo ya kawaida, mwanga hugeuzwa kuwa umeme kituoni. Data za dharura hutangulizwa, nyingine zikasubiri kwenye kumbukumbu ya mtambo. Ugeuzaji huo hugharimu nishati na muda. Mwaka 1999, watafiti Chunming Qiao na Myungsik Yoo walieleza njia nyingine: data zinazoelekea mahali pamoja zikusanywe katika fungu moja, kisha lipite vituoni likiwa mwanga mtupu.

Kabla ya fungu kuondoka, hutumwa tarishi, yaani ujumbe mfupi unaosafiri katika rangi yake ya mwanga. Tarishi husomwa katika kila kituo na kutengewa njia. Fungu hufuata baada ya muda mfupi, bila kungoja jibu. Likikuta njia imekwisha kutwaliwa, hutupwa, kwa sababu mwanga hauwekwi ghalani. Kuuchelewesha kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde kunahitaji waya wa kilomita 200, ilhali kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120.

Basi kipaumbele hupatikanaje? Tarishi wa fungu la tabibu hupewa muda mrefu zaidi wa kutangulia, hivyo hutenga njia kabla ya wengine kuiomba, mfano wa abiria aliyekata tiketi ya basi tangu jana. Gharama yake ni kwamba fungu hilo hukawia kidogo mwanzoni, muda ambao mtazamaji hautambui.

Hata hivyo, mbinu hii haiupanui mkongo. Njia ikijaa, fungu moja likipishwa, jingine hutupwa na kulazimika kutumwa upya. Na iwapo kila mteja atauziwa daraja la juu, matarishi wote watatoka mapema na kipaumbele kitatoweka. Wahenga walisema, kutangulia si kufika.

Teknolojia hii imebaki zaidi katika maabara, lakini funzo lake linahusu mtandao wowote. Mtambo hufuata tu amri uliyopewa. Wanaopanga huduma za Turkana hawana budi kuamua, na kuwaeleza wananchi kabla njia haijajaa, iwapo watakaopishwa ni wagonjwa na wanafunzi, au ni wale wenye kulipa zaidi.