Mwulize Mwenye Gari Kabla ya Kulipa

Siku hizi mtu anayetaka kununua gari lililokwisha tumika hazunguki tena mjini kutafuta dalali. Hufungua simu yake, akatazama picha, akachagua. Jambo hili ni jema, maana mtu wa Songea aweza kuliona gari lililoko Dar es Salaam bila kupanda basi. Lakini penye soko hapakosi mwizi, na mwizi wa soko hili ana hila moja inayowanasa hata watu wenye hadhari.

Bila shaka umekwisha kusikia onyo hili: usilipie gari usiloliona. Ni onyo la kweli, lakini halitoshi. Sikiliza.

Tuseme unalo gari lako huko Morogoro, nawe umelitangaza kwa shilingi milioni 12. Mtu anakupigia simu kwa adabu, anasema, "Bei nimeikubali. Namtuma ndugu yangu aje kulitazama. Nakuomba usimtajie bei, maana tuna deni letu mimi na yeye. Nitakulipa mimi mwenyewe." Unaona si neno, unakubali.

Kumbe mtu yule amekwisha kuzichukua picha zako na kulitangaza gari upya kwa milioni 8, kana kwamba ni lake. Mwalimu mmoja wa Dodoma, mwenye akiba ya miaka mingi, anaziona. Anapopiga simu anajibiwa, "Gari liko kwa shemeji yangu Morogoro. Nenda ukalitazame, ukiridhika unitumie fedha. Habari za bei usiseme naye, atataka ujira wa udalali."

Mwalimu anafika kwako. Anaona gari, analiendesha, anasoma kadi. Kila kitu ni sawa. Anatoka nje kidogo, anatuma milioni 8 katika akaunti aliyotajiwa, kisha anarudi kuomba ufunguo. Unamwambia, "Fedha sijazipata." Naye anasema, "Nimekwisha kulipa!" Hapo ugomvi unazuka. Yeye anakuona mwizi, nawe unamwona laghai, na wote wawili ni watu waaminifu. Mwizi mwenyewe hakufika hata mlangoni, na simu yake imezimwa.

Tazama basi: hila hii yote yasimama juu ya kunyamaza. Neno lile "usimtajie bei" ndilo ulimbo wake. Kama mngaliulizana, mtego ungalikatika papo hapo.

Kwa hiyo wewe mnunuzi, mwulize aliye mbele yako maswali matatu: Gari hili ni la nani? Bei yake ni kiasi gani? Nimlipe nani? Jina lililo katika kadi ya usajili na liwe ndilo jina la mwenye akaunti. Likiwa jingine, usilipe. Ukiambiwa kwamba mwenyewe amefariki, taka kuona barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Linganisha pia namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma na ile ya kadi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi kuliko zile herufi na tarakimu 17 za nchi nyingine. Hilo lisikutie hofu, bali ogopa namba iliyokwanguliwa. Kisha hakikisha kadi yenyewe katika ofisi ya TRA, na utazame deni la faini katika tovuti ya Jeshi la Polisi.

Nawe muuzaji, kumbuka kwamba ujumbe wa simu si fedha. Ujumbe waweza kuandikwa na mtu yeyote. Tazama salio lako mwenyewe, au uulize benki, kabla ya kutoa ufunguo. Namba yako ya siri usimpe mtu. Tena msiachane mpaka mmeandikiana mkataba na kuanza kuhamisha umiliki, kwani kadi ikibaki na jina lako, gari likifanya kosa barabarani utatafutwa wewe.

Ikiwa umekwisha kuibiwa, usikae kitako ukilia. Dakika ile ile ijulishe benki au kampuni ya simu ili fedha zizuiwe kama bado zipo. Kisha nenda polisi, maana iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya tapeli itume kwa 15040, iliyowekwa kwa taarifa za ujumbe wa utapeli.

Wala usiwafiche watu wa nyumbani kwa aibu. Wengi hunyamaza, na jirani yao akanaswa wiki ya pili kwa hila ile ile. Mwizi alianza kwa kukuomba unyamaze. Usimpe kimya cha pili. Kuuliza si ujinga, na kusimulia si aibu.