Sheikh Aliyemfasiria Padri Zaburi (Sehemu ya Nne)

Mwaka huu tena Ramadhani na Kwaresima zimeandamana, na magazeti yametuletea picha za futari za pamoja, masheikh na maaskofu wakipokezana sahani ya tende. Nazifurahia picha hizo. Lakini majuma hayahaya vipaza sauti vya mihadhara vimeendelea kututangazia nani wa motoni na nani wa peponi, kana kwamba hukumu imekwisha kukabidhiwa wenye maikrofoni.

Aliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza anakumbuka barua ya Sayyid Said, Sultani wa Unguja, ya mwaka 1844, iliyomtambulisha mmisionari Krapf kwa maliwali wa pwani kuwa mtu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu, na kuwataka wamsaidie popote aendako. Mtawala Muibadhi alimwandikia hayo Mjerumani wa Kilutheri aliyekuja kwa tikiti ya Waanglikana. Mwaka huohuo, ambao Krapf alimzika mkewe na mwanawe mchanga Mombasa, kadhi wa mji alikaa naye akamsaidia kufasiri Kitabu cha Mwanzo. Krapf aliandika maneno makali juu ya Uislamu, na sitayapaka sukari. Mlango alifunguliwa hata hivyo.

Leo nataka kukaa zaidi na mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghany al-Amawy. Alizaliwa Barawa, akawa Mshafii wa tarika ya Kadiria, akapewa ukadhi Kilwa angali kijana, kisha Unguja. Hapo tu pana funzo, maana masultani waliomweka walikuwa Waibadhi, na hawakuona shida kumkabidhi mtu wa madhehebu mengine mirathi na ndoa za watu.

Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akiwa padri, akaanza kujifunza Kiswahili kwa bidii ya mtu mwenye njaa. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 anasimulia kwamba Sheikh Abdulaziz, aliyemhesabu miongoni mwa wasomi wakubwa wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora. Kazi haikufika mwisho. Shughuli za sheikh zilikuwa nyingi, na lugha yake Steere aliiona ya kitaalamu mno kwa makusudi yake.

Tafadhali, msomaji, usiipite habari hii haraka. Kadhi wa Kiislamu anashika kalamu na kumfasiria padri wa Kikristo maombi, akijua wazi kwamba yatasomwa kanisani. Hakuwa mtu wa imani dhaifu wala wa kuchanganya dini. Alijadiliana na wamisionari, na alibaki sheikh mpaka alipofariki mwaka 1896. Ila Zaburi kwake ni kitabu kilichoteremshwa kwa Nabii Daudi, na kumfikishia mwingine maneno ya Daudi kwa lugha nzuri hakukumpunguzia chochote. Anayeujua mpaka wa shamba lake hahofu kusimama penye mpaka akazungumza na jirani. Anayehofu ni yule asiyejua lake linaishia wapi.

Steere naye alijifunza kwa kukaa chini ya wajuzi wa Kiislamu. Hakuacha azma yake ya kuhubiri Injili, lakini alikuwa na unyenyekevu wa kukubali kusahihishwa, na hilo ndilo ninalolikosa kwa wahubiri wengi wa leo, wa pande zote mbili. Tumezoea kudhani kwamba Mungu amesema nasi peke yetu, na kwamba jirani anasali kwa mazoea tu.

Wala si Waislamu tu waliowafungulia wamisionari mlango. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilipofungwa mwaka 1873, mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji, aliwapa wamisionari sehemu ya kiwanja hicho. Kanisa likajengwa hapo, na ibada ya kwanza ikafanyika siku ya Krismasi, jengo likiwa bado halijakamilika. Saa ya mnara wake inasimuliwa kuwa zawadi ya Sultani Barghash. Wanafunzi wetu wanakariri majina ya wamisionari Krapf na Rebmann. Ningependa wamjue pia kadhi wa Mombasa, na Jairam Senji, na kabla ya wote Sheikh Abdulaziz. Nimeliandika hili mara nyingi na nitazidi kuliandika.

Kuhusu futari za pamoja nina ombi moja. Sahani zikiondolewa, watu wabaki. Chuo cha kichungaji kimwalike sheikh msomi afundishe muhula mzima, si saa moja ya salamu. Na madrasa imwalike padri aeleze Utatu jinsi Mkristo mwenyewe anavyouamini, badala ya wanafunzi kuusikia kwa anayeupinga. Kitabu cha mwenzako ukikisoma kwa ajili ya kumshinda tu, utakuta humo makosa uliyokwenda kuyatafuta.

Usomaji wa namna hiyo nao una historia yake hapa kwetu. Mwaka 1923 Canon Godfrey Dale, mmisionari wa Unguja, alichapisha Kurani kwa Kiswahili, ikiwa na maelezo ya kuibishia. Sehemu ijayo nitaeleza jinsi masheikh walivyoipokea, na njia ndefu iliyotufikisha kwenye tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ya mwaka 1969.