Tovuti: programu mbili za kuharakisha zikigongana, msomaji ndiye hulipa mega

Mwenye tovuti anafungua ukurasa wake kwenye kompyuta ya ofisi: kila kitu kiko sawa. Msomaji wa Beni ao Uvira anafungua ukurasa ule ule kwenye simu: picha inaonekana, lakini mahali pa maandishi ni peupe. Baada ya sekunde kadhaa herufi zinatokea, kisha zinageuka umbo na mistari inaruka. Mega zimetumika, habari bado haijasomwa.

Chanzo si mtandao dhaifu kila mara. Kwenye tovuti za WordPress, mfumo ulioanzishwa mwaka 2003, tatizo laweza kutoka kwa programu mbili za nyongeza ambazo zote ziliwekwa ili kuharakisha ukurasa.

Ya kwanza ni ya kashe. Badala ya ukurasa kutengenezwa upya kila mgeni anapofika, inahifadhi nakala iliyo tayari na kutoa hiyo. Ya pili inashughulikia fonti, yaani umbo la herufi: inaagiza kivinjari kianze kupakua faili ya fonti mapema. Nyingine pia huhamishia fonti kwenye seva ya tovuti yenyewe. Jambo hilo lilipata uzito Januari 2022, wakati mahakama ya Munich, Ujerumani, ilipoamuru mwenye tovuti alipe euro 100, kwa kuwa fonti alizochukua kwa Google zilipeleka anwani ya IP ya mgeni bila ruhusa yake.

Mgongano unaanza pale ambapo moja haijui kazi ya nyingine. Programu ya fonti inabadilisha jina la faili, lakini kashe inaendelea kutoa nakala ya zamani. Kivinjari kinatumwa kutafuta faili isiyokuwepo tena, na kinarudi na kosa la 404. Ao agizo la mapema linataja fonti mpya huku faili ya mapambo, CSS, ikitaja ile ya zamani: zote mbili zinapakuliwa, moja haitumiki. Kuna pia neno dogo, « crossorigin ». Likikosekana kwenye agizo, fonti ile ile hupakuliwa mara mbili, hata kama iko kwenye seva ya tovuti.

Kinachochelewesha dawa ni kwamba mwenye tovuti haoni ugonjwa. Programu nyingi za kashe hazimpi nakala mtu aliyeingia kwa neno la siri. Yeye anaona ukurasa mpya. Wasomaji wanapewa ule wa zamani.

Kwa hiyo uchunguzi unaanzia kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia kwa neno la siri. Kwenye kompyuta, kitufe cha F12 kinafungua vifaa vya ukaguzi. Sehemu ya mtandao inaonyesha kila fonti iliyopakuliwa, iliyorudiwa na iliyokosekana. Kisha fundi anazima programu moja, anafuta kashe, anapima. Anaiwasha na kuzima nyingine, anapima tena.

Programu nyingi za kashe nazo zina kipengele cha fonti. Kazi hiyo ibaki kwa moja tu, na kwa nyingine izimwe. Baada ya hapo kashe zote zifutwe kwa mpangilio: kwanza ya programu, kisha ya seva, kisha ya huduma kama Cloudflare kama inatumika. Agizo la mapema libaki kwa fonti moja ao mbili zinazoonekana juu ya ukurasa. Na kwenye CSS, « font-display: swap » inafanya maandishi yasomeke kwa herufi za simu wakati fonti bado inakuja.

Kwa tovuti ndogo ya habari kuna njia fupi zaidi: kutumia herufi ambazo tayari zimo ndani ya simu ya msomaji. Hizo hazipakuliwi, na hazimlaji hata mega moja.